Mzigo Ulio Baina ya Vyombo Viwili

Katika safari ya mzigo wowote wa majini kuna dakika moja iliyo nzito kuliko zote. Mabaharia hupenda kusimulia usiku wa dhoruba na siku ya kung'oa nanga, lakini dakika tunayoizungumzia huja mchana kweupe, bahari ikiwa shwari. Ni dakika ambayo gunia limekwisha kutoka katika chombo cha kwanza, nalo bado halijatua katika chombo cha pili. Limening'inia kwenye kamba, au limelala begani mwa hamali ambaye mguu wake mmoja uko huku na wa pili uko kule. Vyombo viwili vinapanda na kushuka, kila kimoja kwa mwendo wake. Gunia likizama hapo, hasara ni ya nani? Na hamali akibanwa baina ya mbavu za vyombo hivyo, nani aliyempeleka pale, na nani atakayekwenda kumjibu mama yake?

Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio watunza hesabu wa nyumba zetu, makala haya yanahusu maswali hayo. Familia nyingi za pwani hula kwa kazi ya majini: mume ni nahodha, kaka ni kuli bandarini, kijana ni baharia wa meli za kigeni, na mama mwenyewe hutuma mchele, maembe au majamvi kwenda mji mwingine. Wote hao hupita katika dakika ile. Usalama wao hutegemea sana mtu mmoja ambaye aghalabu hatumwoni wala hatumuulizi. Mtu huyo ni wakala wa meli.

Golbanti na njia ya maji

Tuanze nyumbani. Golbanti ni kijiji cha kandokando ya Mto Tana, upande wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Mto huo ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutembea kilomita zipatazo 1,000 kutoka milima ya bara hata Ghuba ya Ungwana. Wapokomo hulima kingo zake mpunga, ndizi, mahindi na maembe. Waorma huleta mifugo yao kunywa maji na kulisha katika nyasi za delta. Kabla ya barabara kuwa barabara, mazao ya huku yaliyokwenda pwani yaliteremka na maji. Mtumbwi wa gogo moja uliongozwa kwa upondo mpaka karibu na mdomo wa mto, na huko Kipini mzigo ukahamishiwa katika mashua au jahazi, ukaenda Lamu au Mombasa.

Kwa nini mzigo usipakiwe mara moja katika chombo kimoja tangu shamba hata sokoni? Kwa sababu mtumbwi hauwezi bahari, na jahazi haliwezi mto. Mtumbwi una tumbo jembamba lipitalo kwenye maji ya magoti, lakini wimbi la kwanza la ghuba lingeujaza. Jahazi lina mkuku mrefu na tanga kubwa lihimililo upepo wa kusi, lakini lingekwama katika mchanga wa bendi ya kwanza ya mto. Basi kila kimoja hufika kwenye mpaka wake, na hapo mzigo hubadili chombo. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya meli kubwa za leo zihamishiane shehena: meli moja ni kubwa mno kwa bandari ndogo, nyingine ni ndogo mno kwa safari ya mbali.

Mahali pa kubadilishia chombo palikuwa na thamani tangu zamani. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni ili kuunganisha Mto Tana na mto Ozi unaotokea Kipini. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mfereji huo mwembamba ukawa sababu ya mzozo mkubwa. Sultani wa Witu alitaka ushuru kwa mizigo ipitayo, na kampuni ya Imperial British East Africa ya Waingereza ikaupinga ushuru huo. Baadaye mto wenyewe ukaufuata mfereji, hata ukawa ndio mkondo wake mkuu wa kuingia baharini. Ajabu ni kwamba watawala waligombea mahali ambapo mpiga upondo alipita bila kutoka jasho. Lakini waligombea kwa sababu: asimamaye pale mzigo upitapo ndiye ajuaye nini kimepita, ni cha nani, na ni kiasi gani.

Siku hizi malori ya Garsen yamechukua sehemu kubwa ya kazi ya mtumbwi. Hata hivyo mto haujastaafu. Mvua zilipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, barabara zilikatika, na boti zikarudi kuwa njia ya watu, unga na dawa. Ni katika mafuriko hayo, mwishoni mwa Aprili 2024, ambapo boti iliyojaa watu ilipinduka upande wa Madogo, karibu na Garissa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kwamba watu 23 waliokolewa; wengine walipoteza maisha. Katika hali kama hiyo, swali la nani amehesabu waliopanda, na nani aliyekuwa na uwezo wa kusema boti imejaa, huwa ni swali la uhai na mauti.

Wakala ni nani?

Wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanalikumbuka neno tishari. Kabla ya kujengwa gati za maji marefu, Kilindini katika miaka ya 1920 na Dar es Salaam katika miaka ya 1950, meli kubwa zilitia nanga mbali na ufuo. Matishari, yaani vyombo vipana visivyo na sitaha ndefu, yalivutwa hadi ubavuni mwa meli, yakajazwa shehena na kurudishwa pwani. Makuli walifanya kazi baina ya kuta mbili za chombo, jua likiwachoma na bahari ikiwatikisa. Nyuma ya kila tishari palikuwa na ofisi ya wakala iliyoandika ni meli gani, ni mzigo gani, na ni makuli wangapi.

Kazi hiyo haijabadilika katika asili yake. Mwenye meli huenda yuko Ugiriki au Singapore. Mwenye shehena yuko Nairobi. Nahodha ni mgeni aliyefika alfajiri, na kesho ataondoka. Hakuna hata mmoja wao ajuaye mchanga uliohama mwaka huu kwenye mdomo wa mto, wala ofisi ipi hufungwa Ijumaa saa sita. Wakala ndiye mwenyeji wao. Huwapa taarifa Halmashauri ya Bandari, maofisa wa forodha, wa uhamiaji na wa afya. Huagiza rubani wa kuiongoza meli na matagi ya kuivuta. Huandaa boti, makuli, maji na chakula. Baharia akiugua, wakala ndiye humtafutia hospitali. Akifa, wakala ndiye huandika barua ya kwanza kwa jamaa zake.

Nchini Kenya mtu hawezi kuamka tu asubuhi akajiita wakala wa meli. Ni lazima awe na leseni kutoka KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri na usalama wa baharini. Leseni hiyo hutolewa kwa muda, na yaweza kuondolewa. Mwananchi ana haki ya kuomba kuiona, kama aombavyo kuona leseni ya dereva kabla ya kumkabidhi mtoto wake.

Mwenye mali aliyekaa nyumbani

Uwakala si jambo geni kwa umma wetu. Tunasoma katika sira kwamba Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali nyingi, naye hakusafiri na misafara yake. Alimchagua Muhammad, rehema na amani zimshukie, kabla ya utume, kwa uaminifu wake uliojulikana Makka nzima, ampelekee biashara Sham. Na juu ya uaminifu huo wote, alimtuma mtumishi wake Maysara afuatane naye. Maysara aliporudi alimweleza bibi yake aliyoyaona safarini.

Hapa pana somo ambalo aghalabu tunalipita haraka. Bibi Khadija alimchagua mwaminifu, na bado akapeleka shahidi. Kumtaka mtu hesabu si kumtuhumu. Mwaminifu huifurahia hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayomtakasa siku ya maneno. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Dini yetu basi haikuwaacha wafanyabiashara na moyo safi peke yake. Iliwapa na kalamu.

Katika fiqhi, wakala ni mwenye mkono wa amana. Mali ikiharibika kwake pasipo kosa lake, halipi. Akizembea, au akivuka mipaka aliyowekewa, hulipa. Hukumu hii ni ya uadilifu mkubwa, lakini msomaji aione na ugumu wake: bila ya maandishi, nani atajua kama alizembea? Tuseme mama wa Golbanti ametuma magunia 40 ya mchele, na Lamu yakafika 37. Mwenye boti ya mto asema alikabidhi 40. Nahodha wa jahazi asema alipokea 37. Wakala asema yeye hakuwapo. Watu watatu wanaapa, na huenda kila mmoja aamini asemalo. Magunia matatu yamepotea katika ile dakika isiyo na mwenyewe, na aliyepoteza ni mama aliyekaa nyumbani.

Dawa yake ni karatasi moja na makarani wawili. Karani mmoja husimama kwenye chombo kinachotoa, mwingine kwenye chombo kinachopokea. Kila mmoja huhesabu kwa macho yake, naye humwonyesha mwenziwe baada ya kila fungu la magunia kumi. Ikiwa hesabu zimetofautiana, kazi husimama hapohapo na magunia huhesabiwa tena, kwa kuwa kuyapata matatu kati ya kumi ni rahisi kuliko kuyatafuta katika arobaini. Mwishoni wote hutia saini, na gunia lililolowa au kupasuka huandikwa kuwa limelowa au limepasuka. Hivyo ndivyo zifanyavyo hata meli kubwa. Kinachozidi kwao ni ukubwa wa kitabu.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Wakala anayejua kazi yake huanza siku nyingi kabla ya vyombo kukutana. Kwanza huuliza mzigo ni nini. Saruji haikai na unga. Dawa za shamba hazikai na chakula cha binadamu. Petroli haibebwi pamoja na abiria, wala haihamishwi mahali pa kupikia au kuvuta sigara. Kisha huuliza juu ya vyombo vyenyewe: urefu wake, kina chake ndani ya maji, uzito kinaoweza kubeba, na hali ya kamba na winchi zake.

Pili huchagua mahali na wakati. Pwani yetu ina majira mawili makuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi. Kusi hushika baada ya Aprili, nayo huwa kali zaidi Juni hadi Agosti. Ghuba ya Ungwana, ambayo iko wazi kwa bahari kuu, huwa na mawimbi ambayo chombo kidogo hakipaswi kuyachezea. Tena kuna maji yenyewe. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo kwenye mdomo wa mto huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu mkondo hupungua, lakini pia kina hakifiki juu. Wakala huyapima haya yote, akachagua saa ambayo chombo kitaelea kuanzia mwanzo hata mwisho wa kazi.

Tatu huandaa kinga baina ya vyombo. Meli kubwa huteremsha maboya makubwa ya mpira yaliyojazwa upepo, ili chuma kisigonge chuma. Majahazi na boti hutumia matairi ya zamani, na yanafaa, mradi yawe ya kutosha na yafungwe imara. Kamba za kufungia vyombo hukaguliwa moja moja, kwa sababu kamba inayokatika ikiwa imekazwa hurudi kwa nguvu ya mjeledi na yaweza kumuua mtu. Karibu na kila kamba huwekwa shoka, ili vyombo viachanishwe mara moja jambo likiharibika.

Nne, na hili ndilo linalosahauliwa sana, huteuliwa msimamizi mmoja. Vyombo viwili vina manahodha wawili, na kila nahodha ni mfalme katika sitaha yake. Lakini kazi moja haiwezi kuwa na wafalme wawili. Kabla ya kamba ya kwanza kurushwa, wote hukubaliana ni nani atakayetoa amri, watazungumza kwa lugha gani, kwa chaneli gani ya redio, na ni ishara gani itakayosimamisha kila kitu. Katika kazi iliyopangwa vizuri, kuli mdogo kuliko wote ana haki ya kupiga kelele "simama", na winchi husimama kwanza, maswali yakafuata.

Kazi ikianza, kanuni ni chache na kila kijana anaweza kuzihifadhi. Usisimame chini ya mzigo ulioning'inia. Usitie mkono wala mguu baina ya vyombo, hata kama kilichoanguka ni simu yako. Usiruke kutoka chombo hadi chombo. Ngoja ngazi au wavu. Vaa jaketi la kuokolea, na ulifunge. Upepo ukibadilika, au giza likiingia kabla mzigo haujesha, kazi huahirishwa. Na simu ya msaada ijulikane mapema: chaneli ya 16 ya redio ya baharini husikilizwa kwa ajili ya wito wa dharura, na Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini kilichofunguliwa 2006 kwa ajili ya eneo hili la Bahari ya Hindi.

Mafuta yakihamishwa

Mzigo wa mchele ukizama, hasara ni ya mwenyewe. Mzigo wa mafuta ukimwagika, hasara ni ya kila nyumba iliyo pwani. Kwa hiyo dunia imeweka sheria nzito zaidi kwa meli zinazohamishiana mafuta. Chini ya mkataba wa kimataifa wa MARPOL, tangu Aprili 1, 2012, meli za mafuta za ujazo wa tani 150 na zaidi zinazohamishiana shehena baharini zinapaswa kuwa na mpango ulioandikwa na kuidhinishwa. Tena zinapaswa kuijulisha nchi yenye bahari hiyo si chini ya saa 48 kabla ya kazi kuanza. Taarifa hiyo hupitia mikononi mwa wakala: jina la meli, mahali, saa, aina ya mafuta na kiasi chake. Meli inayozima chombo chake cha kujitambulisha na kuhamisha mafuta gizani bila taarifa inajificha na sheria, na wakala mwaminifu hana biashara nayo.

Umuhimu wa haya ulionekana karibu nasi, katika kisiwa cha Mauritius. Julai 25, 2020, meli ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe kusini-mashariki mwa kisiwa hicho. Ilikuwa na mafuta yake ya injini yapatayo tani 4,000. Mapema Agosti mafuta yakaanza kuvuja, na tani zipatazo 1,000 zikaingia katika wangwa na fukwe. Wanawake, wanaume na watoto walikaa mchana na usiku wakishona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa, chupa tupu na hata nywele zilizonyolewa, ili kuyazuia mafuta yasifike kwenye mikoko. Wakati huohuo vyombo vingine vilisogea karibu na meli ile iliyojeruhiwa, vikayavuta mafuta yaliyobaki. Kufikia Agosti 12 karibu yote, tani zipatazo 3,000, yalikuwa yamehamishwa. Agosti 15 meli ikakatika vipande viwili. Lau kazi ile ingechelewa siku nne, zile tani 3,000 nazo zingekuwa ufukweni.

Mfano wa pili ni wa Yemen. Meli kuukuu iitwayo Safer ilikuwa imetia nanga kwa miaka mingi katika Bahari ya Shamu, karibu na Hudaida, ikiwa na mapipa zaidi ya milioni 1.1 ya mafuta, na kwa sababu ya vita haikutunzwa. Chuma kilikuwa kinaliwa na kutu, na watu wa pwani zote mbili za bahari hiyo waliishi na hofu ya kupasuka kwake. Umoja wa Mataifa ulinunua meli nyingine, ukaiweka ubavuni mwa Safer, na kuanzia Julai 25 hadi Agosti 11, 2023 mafuta yakahamishwa kutoka moja hadi nyingine. Siku 18 za bomba na pampu zilitanguliwa na miaka ya mazungumzo na maandalizi: nani atatoa ruhusa, nani atalipa, nani atabeba dhamana. Hiyo ndiyo sura halisi ya kazi hii. Sehemu kubwa ya usalama hujengwa kabla ya kamba ya kwanza kufungwa.

Yatuhusuje sisi wa Tana? Delta ya Mto Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu mkubwa. Mikoko yake ni kitalu cha samaki, na Ghuba ya Ungwana inajulikana kwa kamba wake. Mafuta yakiingia katika mikoko huganda kwenye mizizi, na hayatoki kwa msimu mmoja. Kaskazini yetu, Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza Mei 20, 2021, nayo ilijengwa kwa matumaini ya kuwa kituo cha meli kubwa kuwaachia shehena meli ndogo. Kadiri shughuli hizo zitakavyoongezeka, ndivyo vijana wetu watakavyopata kazi humo, na ndivyo tunavyopaswa kujua kazi salama inavyofanana.

Maswali ya familia

Mtu huweza kusema, haya ni mambo ya wanaume wa bandarini. Lakini ajali ikitokea, msiba huja kukaa nyumbani. Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi, na baada ya msiba ule ikawa tabu hata kujua ni wangapi hasa waliokuwamo. Familia zilizunguka na majina ambayo hayakuwa katika karatasi yoyote. Kuandikwa jina kabla ya safari ni haki ya kwanza ya msafiri, sawa na jaketi la kuokolea.

Basi kijana anapopata kazi ya kupakua shehena majini, mama, dada au mke na aulize bila kuona haya. Nani amekuajiri, naye wakala wake ni nani? Leseni yake iko wapi? Jina lako limeandikwa kwenye orodha, na nakala ya orodha imebaki nchi kavu kwa nani? Utapewa jaketi, viatu na glavu, au utakwenda na kandambili? Mzigo ni nini? Kazi itaanza saa ngapi na maji yatakuwaje saa hiyo? Ukiumia, nani atagharimia matibabu, na ahadi hiyo imeandikwa? Kijana ambaye hawezi kujibu maswali haya hajapata kazi bado. Amepata bahati nasibu.

Na mama anayetuma mzigo naye aulize. Nitapata hati yenye idadi, uzito na hali ya mzigo wangu? Mzigo utabadilishwa chombo wapi, na nani atahesabu hapo? Ukichelewa, utawekwa ghala gani, na kwa gharama ya nani? Hasara ikitokea safarini, nimuendee nani kwanza? Kama mzigo ni mdogo na hauwezi kubeba gharama ya wakala mwenye ofisi, basi akina mama watano au kumi waunganishe mizigo yao, wamlipe wakala mmoja, na wamtume mmoja wao au kijana wao aende kuhesabu. Huyo ndiye Maysara wao.

Wakala anayesema hapana

Tumeeleza mengi ambayo wakala hufanya. Lakini kipimo chake cha mwisho ni kile anachokataa. Siku mwenye mzigo anapiga simu mara tatu akisema soko linapita, na nahodha anadai kwamba kila saa ya kungoja ni fedha, na makuli wenyewe wanataka ujira wao kabla ya sikukuu, ilhali mawimbi yamekwisha kupanda: siku hiyo wakala hulipwa kwa neno moja, hapana. Anayeweza kulitamka huku akijua atapoteza mteja ndiye wa kukabidhiwa mali na watoto wa watu. Na sisi wenye mizigo tuna fungu letu katika neno hilo. Tukimlaumu kwa kuchelewa, tunamfundisha kesho asiseme. Tukimshukuru, na tukaingoja siku ya pili maji yatulie, tumemsaidia kuichunga amana.

Mchele huweza kungoja siku moja Kipini. Maembe yatapoteza kidogo ya bei yake. Hayo ni ya kulipika. Mwenyezi Mungu awahifadhi wote walio majini, mitoni na baharini, awajaalie wasimamizi wenye kumcha Yeye, na awarudishe majumbani mwao na riziki iliyo halali. Amin.